Mukate ya Kamba na Maziwa ya Dote

Watu wananiuliza mukate ya kamba ilianzia wapi, na kila muntu mwenye anauliza iko na jibu yake tayari mu mufuko. Wa Walikale wanataka niseme ilianzia mu pori. Wa Masisi wanataka niseme ilianzia ku mulima, kwa plantasyo, mashamba makubwa ya wazungu. Mimi ninakaa Kalembe, hapo katikati, mahali barabara inaacha majani ya ng'ombe na kuingia mu miti. Nimeoka hii mukate tangu wakati nilikuwa na meno yote. Nimechoka na hii swali. Nitaijibu mara moja, kisha niachwe.

Kwanza niseme mukate yenyewe, juu kuko watu hawajaiona. Ni mukate ya ngano, ya muviringo, na shimo katikati, kubwa kama kiganja ya mwanaume. Ngozi yake inang'aa kama kiatu ya siku ya Mungu. Ndani haiko kama ile mukate ya Goma, yenye unafinya inabaki mu mukono kama pamba. Ndani yake iko na nguvu. Unauma, inakatala kidogo, unavuta, njo inakubali. Ile yenye inakubali mara moja, mimi siiite mukate. Hiyo ni mandazi yenye ilikosa mafuta.

Unga inakandwa mpaka muvivu anaenda zake. Unashika ncha laini ya sikio yako, unashika unga. Vikifanana, unaacha. Chachu yangu haitoke ku duka. Inatoka chini ya mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ile matope nzito yenye inabaki watu wakiisha kunywa. Kanisa yangu inakataza kunywa. Haikukataza kukanda.

Kisha unavingirisha ku vidole, unafunga pete, unalaza ku majani ya mugomba. Na hapa njo wageni wanashangaa: mbele ya kuingiza mu furu, tanuri yetu, unaitupa mu maji yenye inachemka. Na si maji tupu. Ni maji yenye ilipita mu majivu ya maganda ya ndizi, ile chumvi ya majivu wamama wanalainishia maharagi. Inazama, inapanda, unageuza, unatoa na kijiti. Sasa ingiza mu furu ya udongo, ku jiwe yenye ilipata moto tangu asubui. Maji inafunga ngozi, moto inakausha. Ukiruka maji, una mukate yenye shimo tu, na shimo haishibishe muntu.

Maana ya yote ni njia. Zamani wachukuzi walikuwa wanatoka huku na mizigo ku mugongo, wanaingia mu pori mpaka Walikale, mukono moja iko na fimbo, mukono ingine inashika kamba ya muzigo. Mukate ungeweka wapi? Unaifunga ku kamba ya mugomba, unaivaa ku shingo kama musalaba, unakula unatembea. Na pori iko na unyevu. Mukate ya kawaida inaota ndevu mu pori mbele muntu afike ku muto wa kwanza. Hii yetu, ngozi yake ilifungwa na maji ya majivu, inafika. Njo sababu ya shimo, njo sababu ya kuchemsha. Hakuna mapambo hapo.

Mwenye alinifundisha alikuwa mama muzee wa upande wa pori. Alipokuwa binti alipikia wazungu wa plantasyo kule Masisi, kisha akashuka, akajenga furu hapa Kalembe. Ngano aliijulia ku mulima, majivu alizaliwa nayo mu pori. Kwa hiyo wa Masisi wanasema kweli nusu, na wa Walikale wanasema kweli nusu. Siku moja nilimuuliza, Mama, na wewe ulitoa hii wapi? Alikuwa anachunga chungu. Akasema, "Kanda." Njo jibu nilipata. Mimi pia nimewajibu watu vile miaka mingi na hakuna mwenye alikufa.

Sikusoma sana. Niliacha mu darasa la tatu, nikaanza na chungu moja ya kuazima. Nilijenga hii furu na mikono yangu, ikabomolewa wakati wa kukimbia vita, nikajenga ingine, ikabomolewa, nikajenga hii. Nyumba ya mabati munayoona ilitoka mu shimo ya mukate. Sisemi kwa kujisifu. Nasema juu iko vile.

Mwaka moja akafika munganga wa kike mu kituo yetu ya afya, binti wa Goma, muzuri, anachoka na matope. Alinunua kamba yangu, akakula moja amesimama, kisha akatoa telefone yake.

"Mama," akasema, "mukate yako iko Amerika."

"Nani aliipeleka?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akanionyesha picha. Kweli ilikuwa yenyewe, na shimo yake, na mung'aro yake. Wanaita begeli. Wanachemsha mbele ya kuoka, kama sisi. Akanisomea kwamba kule kuko miji mbili zinagombana juu yake. Mumoja unasema uzuri iko mu maji yao ya bomba. Ule mwingine unasema hapana, iko mu moto ya kuni na asali mu maji ya kuchemshia. Nikamuambia hawa wa kuni wanajua kitu. Asali sijui.

"Na ilianzia wapi?" nikamuuliza.

"Wanasema kwa Wayahudi, mu inchi ya Polonye, kule Ulaya. Walipohama wakaenda nayo."

Watu wenye wamehama-hama wanajua chakula inapaswa kubebeka. Nikamuuliza tena, na hao Wayahudi walifundishwa na nani? Akatafuta, akatafuta, rezo ya telefone ikakatika. Nikamuambia, "Andika tu kwamba walikuwa wanakanda."

Sasa nije ku neno yenyewe, juu hii mukate karibu inivunjie nyumba.

Niko na mujukuu wa kike. Baba yake, mutoto wangu, alikufa, mama yake akaolewa mbali, mutoto akabaki na mimi mbele ya furu. Alijua kufunga pete ya unga mbele ya kujua kufunga nywele. Alipokomaa akaja kijana wa familia ya ng'ombe, wa juu ya Kibabi, mwenye anauza maziwa na fromaji, ile jibini ya kwao. Alikuwa anapita kwetu na pikipiki kununua kamba kumi za kwenda kuuza kule. Baadaye akawa anapita hata siku hakuna soko. Nikaelewa. Mutoto pia alikuwa anaoga mapema siku hizo.

Nilifurahi, niseme kweli. Mugongo wangu ilikuwa imekwisha. Kila asubui ninainuka kama kitanda ya zamani, mifupa inalia moja-moja. Nilikuwa ninaogopa kitu moja tu, kufa mbele mutoto apate mahali pake. Kwa hiyo hii ndoa ilikuwa yake, lakini pia ilikuwa pumuziko yangu.

Familia ya kijana walitoa ng'ombe wa dote, ile mahari. Kumuleta mpaka kwetu hapana, ng'ombe mu Kalembe anaweza kulala hapa na kuamuka mu tumbo ya watu wa bunduki. Wakamuweka kwa ndugu yao, ku kilima yenye iko karibu, mwendo mufupi wa miguu. Desturi yao iko hivi: siku wanakuja kumaliza maneno, maziwa ya yule ng'ombe inatangulia, ile asubui yenyewe, mu chombo ya muti yenye kifuniko ya kusukwa. Wageni wakifika, pande mbili wanakunywa, kisha wanaongea. Hiyo maziwa njo inasema ng'ombe ni muzima na neno ya ndoa ni nzima.

Maziwa ikafika, bado na moto ya ziwa, ya kiwele ya ng'ombe. Mimi nilikuwa ninaoka tangu usiku haujakwisha. Kamba za kwanza zilikuwa zimetoka, nzuri, nyekundu. Nikaangalia ile chombo. Nikajiambia, hawa watu wa ng'ombe hawajaona mukate yenye ilichemka mu maziwa yao wenyewe. Nikamimina nusu mu chungu. Nusu niliacha ya kunywa, mimi si mujinga. Nikaweka ku mafiga, pale ku mulango wa furu, moto moja inafanya kazi mbili. Nikatupa pete za kwanza mu maziwa. Zilipanda nzuri sana.

Wakafika mapema. Watu wa ng'ombe wanaamuka na ndama, niliisahau hiyo. Mujukuu alikuwa anavaa. Nikaacha chungu, nikakimbia ku kiingilio na kamba ya mukate mu mukono, juu sisi pia tuko na desturi: mugeni mukubwa tunamuvika kamba ku shingo mbele aketi. Mukubwa wao alikuwa shangazi wa kijana, mama murefu, mukavu, fimbo mu mukono kama mwanaume. Nikamuvika. Akainama kidogo akapokea. Kisha akainua pua.

"Mama, nani anaunguza maziwa?"

"Hakuna mwenye anaunguza. Karibu, Mama, miguu iko na vumbi."

"Miguu itangoja. Pua yangu iko na swali."

Akanipita. Shangazi wa watu akaingia mu jiko yangu kama ni yake, na sisi wote nyuma. Chungu ilikuwa imefura. Maziwa ilikuwa inashuka ku kando, inaingia mu moto, inalia, na moshi yake ilikuwa chungu mu macho. Nikatoa chungu na kitambaa. Ilikuwa imechelewa.

"Maziwa ya ng'ombe gani?" akauliza.

Mimi siongope mu jiko yangu. "Ya ng'ombe wenu. Nilitaka kuwaheshimu."

"Umemwaga ku moto maziwa ya ng'ombe wa dote."

"Sikumwaga. Iliinuka yenyewe."

"Maziwa haina miguu, Mama."

Akaeleza, pole-pole, kama muntu anaongea na mutoto wa wengine. Maziwa ikiingia mu moto, ng'ombe anaisikia mu ziwa. Chuchu inapasuka. Anakausha, anakatala ndama wake. Na kama ni ng'ombe wa neno, neno pia inakauka. Vile wazee wao walisema, vile wao wanashika.

Nilikuwa na aibu, na aibu kwangu inatoka ku mulango ya hasira. Nikamuambia, "Na ile fromaji munauza mpaka Goma? Inapikwa na jua?"

Nyuma yangu wa kwetu wakacheka. Hata kijana aliinamisha kichwa, sijui kama ni kicheko ao ni haya. Shangazi hakucheka.

"Fromaji ni biashara. Biashara iko na zambi zake na tunazijua. Hii ilikuwa maziwa ya neno."

Katekista wetu, mwenye alikuja kuombea chakula, akajaribu. "Mama, tusiogope mambo ya zamani. Sisi wote ni Wakristo."

"Mimi pia ninasali, katekista," akasema. "Ninasali ng'ombe wangu wakiwa wazima."

Mujukuu wangu alikuwa amesimama ku mulango, kitenge mupya, kitambaa ya kichwa nusu imefungwa. Shangazi akamuangalia muda murefu, na nikaona hakuwa na ubaya na mutoto. Hiyo njo iliniuma zaidi. Kisha akakata neno: wataangalia ziwa ya ng'ombe. Kama anatoa vizuri, watarudi. Kama anakauka, hakuna mwenye atarudi. Na ule moto uzimwe sasa, na pasiwashwe kitu juu ya majivu yenye maziwa, mpaka wajue.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Muulize ng'ombe."

Wakaenda. Na ile hasira yake yote, akaenda na kamba ya mukate ku shingo. Tulimuona anapanda kilima, fimbo mbele, mikate inagonga-gonga kifua. Hakuna hata mumoja wetu alithubutu kumuita.

Mimi nilizaliwa upande wa pori. Ng'ombe kwangu ni munyama wa watu wengine. Siku ya kwanza nilikamata kiberiti, nikajiambia nawasha, tuone. Kisha nikaiweka chini. Kama ninawasha, na ng'ombe anakauka kwa sababu yake mwenyewe, nani atabeba? Hapana mimi, ni mutoto. Kuamini ilikuwa kazi yao, lakini mutoto alikuwa wangu. Furu ikabaki baridi.

Mujukuu alipika nje, ku mawe matatu, viazi na sombe, majani ya muhogo. Hakuniongelesha. Mutoto mwenye alikuwa anaimba akifua, sasa ilikuwa kimya, unasikia sabuni tu. Siku moja nikachoka na hiyo kimya nikamuambia, "Sema. Uko na kitu mu koo."

"Koko, bibi yangu, walituma maziwa tukunywe. Nani alikuambia tupike?"

"Nilitaka wakuheshimu."

"Ulitaka waseme wewe njo unajua."

Vilikuwa vyote viwili, lakini sikumuambia. Nilimuambia aongeze chumvi mu sombe.

Wachukuzi wakapita. Siku hizi wengi wako na pikipiki ao chukudu, ile ya mbao ya kusukuma, lakini wa kuingia mu pori bado wako wa miguu. Wanauliza, "Mama, kamba iko wapi?" Nawaambia furu inagonjwa. Wakaanza kununua ile mukate laini inatoka Goma mu plastiki, na wakirudi wananilalamikia mimi kwamba iliota ndevu. Mumoja wao, muongo mukubwa lakini rafiki, akaniambia, "Basi tutasema mukate ya kamba ilianzia Kalembe na ilikufia Kalembe. Muandike hata ku furu, iko kama kaburi." Nilimufukuza na ufagio, lakini ile neno ililala na mimi.

Nikasema nitapumzika basi, kama ni kupumzika. Mwanzoni mwili haukujua. Niliamuka saa ile ile ya moto, nikaketi mu giza, mikono inatafuta unga. Baadaye nikaanza kulala mpaka jogoo anachoka. Mugongo ikanyooka. Na kuku wangu mweusi akaona furu iko wazi na baridi, akaingia, akataga. Nilimuondoa mara mbili, akarudi. Nikamuacha. Mimi pia nilikuwa nimechoka kufukuza.

Kijana akakuja na pikipiki, ile saa yenye watu wako kanisani. Hakuketi.

"Koko, chuchu moja imevimba," akasema. "Shangazi anaipaka siagi na dawa ya majani. Haongei na muntu."

"Na zile tatu?"

"Zinatoa. Lakini yeye anaangalia ile moja."

Mujukuu alikuwa ndani, alisikia. Nilimusikia anaweka sahani chini, pole sana, kama sahani ni mutoto mwenye analala. Kijana akaangalia ule ukuta, akawasha pikipiki. Ile jioni sikukula. Nilijiona nimekaa kwangu, muntu muzima mwenye alijenga furu mara tatu, ninangojea habari ya chuchu.

Kisha asubui moja shangazi akafika yeye mwenyewe, ku pikipiki, amekaa upande, anatukana mwenye kuendesha ku kila jiwe. Akashuka na chombo ya muti mu mikono. Akaketi bila kuambiwa.

"Kupe," akasema.

"Kupe?"

"Kupe. Alijificha chini ya chuchu, mahali jicho haifike. Nimemutoa, nimemuchoma. Ziwa imepona."

Mudomo wangu haina adabu ya kungoja. "Basi haikuwa moto yangu."

"Sikusema vile. Kupe pia anatumwa."

Tukaangaliana. Wamama wawili wazee, kila mumoja na mugongo yake. Yeye njo alianza kucheka, kidogo, upande moja wa mudomo. Akasema, "Ile kamba uliniweka ku shingo. Nilifika nayo nyumbani, watoto wakaniuliza kama mimi njo nimeolewa."

"Tulikuona. Tuliogopa kukuita."

"Mulifanya vizuri, ningewapiga. Niliikula juu ya hasira. Mukate yenu iko ngumu, Mama."

"Njo uzuri yake."

"Ninajua. Sina meno mengi, na niliimaliza. Ya mwisho ilikaa mu jiko yangu mpaka nikaisahau, na nilipoiona haikuwa na ndevu. Niliilowesha mu maziwa baridi." Akainua kidole. "Maziwa baridi, umesikia? Kando. Kila kimoja mu chombo yake."

Nikamuambia nimesikia. Na kweli sikuwa nimefikiri hiyo, mukate ngumu mu maziwa baridi. Miaka yote ile, na maziwa inapita mbele yangu. Sikumuambia.

Akamuita mujukuu, akamukalisha karibu naye, akamushika mukono na kuugeuza, akaangalia kiganja. "Hii mikono itaoka kule kwetu," akasema. "Mu maji. Kijana atachimba udongo ya furu. Ndizi za majivu zinaota hata kwetu, chini ya kilima." Mutoto akainamisha kichwa. Machozi yalianguka ku kitenge, hakuyapangusa.

Nikasema basi tuwashe moto, tule kama watu. Nikaenda ku furu na kuni. Kuku alikuwa ndani, amefura, ananiangalia na jicho moja. Shangazi akakuja nyuma yangu, akachungulia.

"Usimuinue mama ku mayai," akasema.

Kwa hiyo siku ile ya furaha hatukuoka. Tulikunywa maziwa ya neno, baridi, pande mbili, na viazi za mawe matatu. Katekista alifika amechelewa, akaombea viazi.

Ndoa ilifanyika. Mutoto alipanda kule na kile kimutungi cha matope ya kasiksi amekikumbatia ku kifua, muntu angefikiri ni mutoto. Nilimufunga pia maganda ya ndizi yaliyokauka, nikamuambia majivu ya ndizi ya kule siijui, aanze na ya kwetu. Vifaranga vilipotoka, nilifagia furu, nikasimama mbele yake na kuni mu mikono. Mugongo ikasema hapana. Niliwasha mara moja-moja, siku za soko. Baadaye hata hizo niliacha. Kuku walijua mbele yangu kwamba ile nyumba imebadili mwenye.

Juzi yule muchukuzi muongo alipita, anatoka upande wa Kibabi na muzigo wa fromaji. Alisimama mbali na ufagio wangu akaita, "Mama, njoo ununue mukate ya Kibabi."

"Mukate ya wapi?"

"Ya Kibabi. Kule wanasema ilianzia kwao, tangu wazee, mukate ya watu wa ng'ombe. Wanaikula na maziwa baridi. Wewe hukujua?"

Nilitaka kumujibu. Neno ilikuwa imefika ku ulimi, na shangazi wa watu na maziwa ya watu na kila kitu. Kisha nikaiacha ipite. Watoto wa mujukuu wangu watazaliwa kule, watasema vile, na kwao itakuwa kweli. Yule mama muzee wa pori hakuacha jina hata ku kijiti. Na wale Wayahudi wa telefone, nani anajua walimuacha nani mbele ya furu.

Nikanunua moja. Nikaketi, nikaishika ku mwangaza. Ngozi ilikuwa inang'aa, lakini upande mumoja ilififia. Mujukuu aliitoa mapema mu maji, ana haraka, sasa iko na bwana. Nikauma ku upande wa meno yaliyobaki. Ikakatala. Nikavuta. Ikakatala tena, kidogo, kisha ikakubali.

"Basi?" muchukuzi akauliza.

"Mwambie aongeze majivu," nikasema, na nikaendelea kutafuna.